Rashidi, Vali Yako ni ya Chuma

Mdogo wangu Rashidi,

Barua hii haina bahasha, na si kwamba nimesahau. Nimeiacha wazi makusudi juu ya kaunta ya Mzee Abdi, katikati ya fani belti na makopo ya grisi, ili yeye mwenye gereji aisome kwanza, kisha wenzako wanaokuficha waisome, na mwisho kabisa, wakishachoka kukucheka, uisome wewe. Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma na kunyamaza. Basi nimeona niseme nawe mbele za watu, maana kutoka Kisenyi hadi kwetu Luzira si safari ya kumshinda mtu, na wewe imekushinda tangu asubuhi ile uliyotakiwa kulazwa hospitali ukatoroka.

Jumanne nilikuja mwenyewe. Nilipita Nakivubo kwa miguu, jua la utosi, sare ya chuo bado iko mwilini, nikaingia gereji nikasalimia kwa adabu kama tulivyolelewa. Mzee Abdi akashika kiuno, akatazama lori, akatazama juu.

"Rashidi ametoka sasa hivi tu, binti yangu."

"Kila nikipiga simu pia ametoka sasa hivi. Huyu mtu anatoka tu, harudi?"

Mzee akakohoa. Kijana mmoja aliyekuwa chini ya lori akamsaidia kujibu, bila kutokeza uso. "Dada, yeye iko salama. Hapana jisumbua bure. Wewe enda tu nyumbani, sisi tutamwambia."

Nikainama. Chini ya lile lori kulikuwa na miguu ya watu wawili. Miguu ya mmoja siijui. Ile mingine nimeiosha mimi tangu haijaweza kusimama, na Kampala nzima hakuna mtu mwingine mwenye kidole gumba kilichopinda namna ile. Ningekushika kifundo nikakuburuta nje mbele ya wateja, na Mungu anajua nilivyotamani. Nikakumbuka kwamba moyo wako haufai kushtuliwa. Nikameza hasira yangu nikaondoka, nayo sasa naitoa hapa.

Hujui nilivyochoka, Rashidi. Nimechoka na moyo, na si wako tu. Watu wa kota yetu ya askari jela wanadhani nasomea udaktari, wananiita musawo na kunionyesha vipele vyao bombani. Mimi nasomea kazi ya yule anayesimama kando ya daktari thieta, kwenye chumba cha upasuaji, anayepanga vyombo na kujua kitakachoitwa kabla hakijaitwa. Daktari hunyoosha kiganja bila kugeuza macho, na chombo lazima kitue pale, kile chenyewe, kikiwa kimeelekea anakotaka. Kwenye matumbo na mifupa nilikuwa sawa. Tulipofika kwenye moyo ndipo maji yakazidi unga.

Chuo chetu kina moyo mmoja wa plastiki, na kifuniko chake kilipotea kabla sijajiunga. Sista Nakku, mwalimu wetu wa thieta, akatuambia tununue mioyo sokoni tujifunzie. Nikanunua wa ng'ombe. Nikaufungua, nikachora, nikakariri hadi nikawa naota mishipa. Kati ya upande wa kulia na wa kushoto nikaona tundu pana, ukingo wake umenyooka vizuri, nikalichora na kulipaka rangi. Siku ya mtihani wa mdomo nikasimama kifua mbele: damu inatoka kulia, inapita hapa, inaingia kushoto. Mtahini akavua miwani yake. Akaniuliza kama mgonjwa wangu bado yuko tumboni mwa mama yake, maana huko tu ndiko moyo huwa na tundu la namna hiyo.

Kumbe lile tundu lilikuwa kazi ya kisu cha mkaguzi wa nyama. Ng'ombe akichinjwa, mkaguzi hupasua moyo wake kutafuta vifuko vya tegu kabla nyama haijapigwa muhuri. Kwa hiyo mioyo tuliyonunua ilifika kwetu imeshapasuliwa, na nusu ya darasa letu tulikuwa tumekariri kisu tukidhani ni Mungu. Nilirudia mtihani peke yangu na aibu yangu. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakosa pumzi, ukashika ukuta, midomo ikabadilika rangi, na Mama akanigombeza mimi kwa kukuchekesha.

Unadhani kwa nini nilichagua masomo haya? Hukuwahi kuuliza. Ulianza na koo, koo tu la kawaida kama watoto wote wa kota. Halafu magoti yakavimba, halafu tukaambiwa ugonjwa umeshuka hadi kwenye moyo na kuharibu vali. Baba akiwa zamu gerezani na Mama akiwa na vitumbua vyake, mimi ndiye niliyekupeleka sindano kila mwezi, ile dawa nzito ambayo muuguzi huipasha moto viganjani kwanza. Hukuwa unalia. Ulikuwa unaniuliza maswali mfululizo, kwa nini samaki hakohoi, kwa nini polisi wana filimbi na askari jela wana funguo, na mimi nilijibu chochote mpaka sindano ikatoka. Kisha tulishuka bandarini Port Bell, wewe unachechemea, tukakaa kwenye nyasi kutazama mabehewa yakisukumwa kuingia ndani ya feri. Uliyapenda yale mabehewa kuliko mpira. Ulinieleza kwa nini hayaanguki, kwa nini feri hailali upande mmoja, na mimi sikuelewa lakini nilikubali.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Kilima kile si kirefu, watoto wadogo hukikimbia. Wewe ulisimama kila baada ya muda mfupi ukijifanya unatazama ziwa, na mimi nikajifanya naamini. Siku moja nilikubeba, nikakutua njiani nipumzike, nikaweka sikio mgongoni mwako. Niliutarajia mlio wa ngoma. Nikasikia mvumo, kama maji yanayopita kwenye mpira wa bomba uliotoboka. Sikujua jina la kitu hata kimoja kilichokuwa mle ndani. Siku hiyo ndiyo niliyotaka kujua, na mpaka leo bado ninahangaika.

Sasa tuje kwenye mambo ya nguruwe, na hapa naomba wenzako wasome polepole.

Kwetu ni nyumba ya dini mbili. Baba ni Mkatoliki wa Arua, Mama ni Mwislamu wa Bombo, mimi nikafuata kanisa, wewe ukafuata msikiti, na kila sikukuu tulishiba wote. Sheria ilikuwa moja tu: nguruwe haingii. Baba akimtamani humla huko huko nje na wenzake, na kabla ya kuvuka kizingiti husukutua mdomo bombani, Mama akiwa amesimama mlangoni kama ofisa wa zamu. Hawajawahi kugombana kwa hilo. Mimi sikuivunja sheria ile, Rashidi. Sista Nakku alisema moyo wa nguruwe ndio unaokaribia wa binadamu kwa ukubwa na umbo, nami nikapata mmoja mzima kwa mchinjaji, haujaguswa na kisu. Sikuupitisha mlangoni. Nilikaa nao nje penye ua, juu ya ubao wa kutupwa, na glavu na ndoo yangu ya chuo, mbali na kila chombo cha Mama.

Ukaja ukasimama nyuma yangu.

"Wa nani huo?"

"Wa nguruwe. Sogea uone, ni mzima."

Nilikuwa na furaha, na nataka ujue hivyo. Baada ya mioyo yote ile iliyochanwa, hatimaye niliona ukuta wa kati usio na tundu, na zile nyuzi nyeupe nyembamba zinazoshika vali isipinduke. Nikakuonyesha chumba cha juu kushoto, chumba cha chini kushoto, na kati yao vali yenye mapazia mawili. Nikakwambia, "Hii ndiyo yako iliyokakamaa. Moyo huu na wako ni pacha." Unanijua, nikianza somo sijui kunyamaza. Nikaendelea kwamba ikiharibika kabisa hubadilishwa, kuna vali za chuma na kuna zinazotoka kwa wanyama.

"Wanyama gani?"

"Ng'ombe. Na huyu."

"Huyu huyu?"

Nikasema ndiyo, nikageukia mshipa mkubwa unaotoka juu. Wewe ukaenda bombani ukanawa mikono, ingawa hukuwa umegusa kitu. Siku ya kulazwa ilipofika kitanda chako kilikutwa kimetandikwa, na hilo peke yake lilimtosha Mama kujua kuna jambo, maana tangu uzaliwe hujawahi kutandika kitanda.

Mama anasema mimi ndiye niliyekutisha. Baba anapiga tu pasi sare yake kwa nguvu mpaka meza inalia. Mimi sikubali. Sikusema watakuwekea ya nguruwe. Nilikuwa nasoma kwa sauti, na wewe una mdomo, ungeuliza swali moja zaidi. Mtu aliyeuliza kwa nini samaki hakohoi angeshindwaje kuuliza atawekewa nini kifuani mwake?

Mama aliuliza kwa niaba yako. Alikwenda kwa shehe, amejifunga kanga mbili kwa wasiwasi. Shehe akamwambia uhai ni amana na dharura ina hukumu yake, lakini kwanza waulizeni madaktari kama kuna njia nyingine. Kesho yake nikamvizia koridoni daktari aliyekuwa akupasue. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama jua huchomoza.

"Kijana wa umri wake? Ya mnyama itachakaa mapema, nimfungue tena. Yake ni ya chuma. Ilikuwa ya chuma tangu mwanzo."

Ya chuma, Rashidi. Mzee Abdi, msomee kwa sauti: ya chuma. Siku mbili zilitosha kupata jibu, na wewe umepoteza miezi. Unalala na spana chini ya mto, unabusu gia boksi za watu, halafu unakikimbia chuma. Nikilifikiria hili nikiwa darasani napoteza mstari, Sista ananiuliza niko wapi, nami namwambia niko Kisenyi.

Lakini nakujua. Kuna wakati naona nguruwe ni kisingizio tu. Ukiwa na vali ya chuma utameza kidonge kila siku ili damu isigande, maisha yako yote, na utapimwa damu mara kwa mara kama gari linalopelekwa sevisi. Ukijikata, damu itachelewa kukatika. Mzee Abdi amekuahidi kukufundisha injini, na injini ina makali kila upande. Labda ulisoma hayo kwenye simu yako ukaona bora ufe fundi kuliko uishi mgonjwa. Kama ndivyo, sema hivyo. Njoo uniambie usoni tugombane kama ndugu. Hilo ni jambo la kuogopa kweli na sitakudanganya kwamba ni dogo. Lakini usimsingizie nguruwe wa watu, hajakukosea.

Kuna jambo lingine, na hili hata Mama hajalijua.

Thieta yetu ina kanuni: ndugu wa mgonjwa haingii kumhudumia. Siku yako ilipopangwa, Sista Nakku alinitoa kwenye zamu. "Wewe utakaa nje na mama yako," alisema. "Mkono wa ndugu hauaminiki." Nililia kidogo chooni, kwa sababu timu ya madaktari wa vali haiji kila mara, na nisiposhiriki upasuaji wa moyo sitamaliza masomo yangu. Basi ulipotoroka, kitanda chako cha wodini kikapewa msichana wa shule kutoka Masaka. Sista akanikuta koridoni nikiwa bado nakupigia simu. Akasema, "Weka simu. Nenda kanawe, uingie."

Hivyo ndivyo nilivyoingia thieta ya moyo mara ya kwanza, kwa sababu wewe hukuja.

Walifungua kifua, wakaingiza mirija, mashine ikachukua kazi ya kusukuma damu, na moyo ukasimama. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba husimama. Kuuona ni jambo jingine. Moyo ulilala pale umelegea, mweupe kidogo, na mwenyewe yu hai. Nyuzi za kijani na nyeupe zikapangwa kwa kupokezana kuzunguka mahali pa vali, zikapitishwa kwenye vali mpya, kisha ikashushwa taratibu ikakaa. Kazi yangu ilikuwa ndogo kuliko zote. Daktari anapofunga mafundo, mtu humwagia vidole vyake maji kwa bomba la sindano ili uzi uteleze usikwaruze.

"Maji," anasema, namwaga. "Maji," namwaga.

Mkono wangu haukutikisika hata mara moja, na kwa hilo nilijichukia, maana kila fundo nilisema kimoyomoyo kwamba hili lilikuwa lako. Damu ilipoachiwa, moyo ukatetemeka, ukasita, ukaanza wenyewe. Sista Nakku akanigusa bega akasema nimefanya vizuri. Nilitoka nikavua glavu, nikakaa kwenye benchi na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa nimejua hatimaye kila kitu nilichotaka kujua siku ile kilimani, na kilikuwa kwenye kifua cha mtoto wa watu.

Siku chache baadaye nikamkuta yule msichana wodini akibishana na mama yake kuhusu uji. Ukimwinamia karibu unaisikia vali yake, tiki, tiki, kama saa ya mkono. Nilimfurahia, kweli nilimfurahia. Nikaaga haraka.

Sasa timu inarudi. Daktari amekubali kukupanga tena Jumatatu, kwa sharti ufike Ijumaa hii upimwe upya na ulazwe. Usipofika, yuko mwingine nyuma yako, naye ana watu wake wanaomlilia. Alifungua picha za moyo wako mbele yangu, akanionyesha chumba cha juu kilivyotanuka kama mfuko uliobebeshwa kupita kiasi. Akasema, "Akianza kushindwa kulala chali, aje siku hiyo hiyo. Akikaa na hali hiyo kwa muda mrefu, anaweza kufika hapa nisiwe na la kumfanyia."

Kwa hiyo, Mzee Abdi, wewe unayesoma kwanza, na wewe kijana wa chini ya lori ambaye sikuuona uso wako, nawauliza ninyi kwa sababu yeye atanidanganya. Rashidi analala vipi hapo? Analala chali kama watu, au analala ameketi kwenye kiti cha lori, kichwa kwenye usukani? Akipandisha tairi anasimama na kujifanya anatazama barabara? Kama ndivyo, huko si kumficha. Naelewa mnampenda. Hata sisi tunampenda, tena tulianza zamani.

Na wewe Rashidi, sikiliza hili la mwisho. Sista Nakku ameshabandika majina ya wanafunzi watakaoingia Jumatatu. Langu liko juu kabisa. Anasema safari hii nitapanga nyuzi mwenyewe, kijani, nyeupe, na wenzangu wananionea wivu. Nimeihangaikia nafasi hiyo kwa mioyo ya ng'ombe na ya nguruwe, kwa mtihani niliorudia na kuchekwa. Siitaki. Nataka Sista atoke asubuhi hiyo, aone jina lako juu ya mlango wa thieta, alifute langu kwa kalamu yake nyekundu. Nataka nikae kwenye benchi na Mama, nimshike mkono, najua kila hatua inayofanyika mle ndani na sina hata moja ninayoweza kuisaidia.

Njoo Ijumaa, mdogo wangu. Njoo nifungiwe nje.

Dada yako.